Honi ya Korona: Hotuba kwa Wahitimu wa Ufundi, Tanga

Ndugu Mkuu wa Chuo, walimu, wazazi na walezi, na ninyi wahitimu ambao shughuli hii ni yenu: Assalaam aleikum, Bwana asifiwe, na wote hamjambo.

Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya kujiandaa kwa maisha ya kazi katika wakati ambao hakuna anayejua miaka kumi ijayo italeta nini. Nimekubali kwa furaha, lakini kwa sharti moja ambalo nilimweleza Mkuu wa Chuo mapema: sitatabiri. Sitawaambia ni kazi ipi itakufa na ipi itashamiri, kwa sababu nimeishi muda wa kutosha katika mkoa huu kuona watabiri wakikosea pande zote mbili. Nitakachofanya ni kuwasimulia jambo lililotokea hapa hapa, kwenye udongo huu, kisha niseme nilichojifunza kwalo.

Nilizaliwa katika kambi ya shamba la mkonge wilayani Korogwe. Wale mliokulia mashambani mnajua maisha yale yalivyopangwa na sauti moja, nayo ni honi. Saa kumi na moja alfajiri ililia, na taa za chemni zikawashwa nyumba baada ya nyumba. Wakataji walishika visu na kwenda kwenye mistari kumaliza kipande chao kabla jua halijawa kali. Baadaye matita ya majani yalifika kwa reli ndogo ya shamba hadi korona, mashine kubwa iliyoponda majani na kuyakwangua kwa ngoma zenye visu huku maji yakimwagika bila kukoma. Upande wa pili singa, yaani nyuzi za jani la mkonge, zilitoka zikiwa mbichi, zikaanikwa kwenye nyaya, zikapigwa brashi, zikafungwa marobota. Harufu ya maji ya korona, ile harufu kali ya majani yaliyochachuka, ilituingia kwenye nguo na nywele. Sisi watoto tuliidhani ndiyo harufu ya dunia nzima.

Mkonge haukuwa mmea wa kwetu. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ambako ilikuwa imefikishwa kutoka Mexico. Iliyofika ikiwa hai katika eneo la Pangani ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche ile 62 ilizaliwa sekta iliyojenga mji huu, ikajaza treni na meli, na ikaleta watu wa makabila mengi kuja kufanya kazi kama manamba, watu walioandikwa kwa namba na ambao wajukuu zao ndio nusu ya mnaonisikiliza hapa. Ilipofika mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za katani, yaani nyuzi hizo za mkonge, ikiongoza duniani. Kijana wa wakati ule aliyeambiwa kwamba mkonge utaanguka angecheka. Angewezaje kuamini, wakati kila upande alioutazama ulikuwa kijani kibichi cha mkonge mpaka miguuni mwa milima ya Usambara?

Ulianguka. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi takribani tani 20,000. Wapo wanaoulaumu utaifishaji wa mwaka 1967 na usimamizi uliofuata, na wapo wanaoilaumu bei ya soko la dunia. Mimi naamini vyote vilichangia. Hata hivyo, jambo ambalo hakuna meneja wa shamba angeweza kulizuia lilitokea mbali sana na Korogwe. Wakulima wa Ulaya na Marekani, ambao walikuwa wakifungia nyasi za mifugo yao kwa kamba ya mkonge, walianza kutumia kamba ya plastiki. Ilikuwa rahisi, haikuoza, na ilitengenezwa kiwandani mvua inyeshe isinyeshe. Hakuna mtu kambini kwetu aliyewahi kuwaona wakulima wale, wala hakuna aliyejua kwamba ugali wetu ulitegemea namna wanavyofunga nyasi. Nawaomba mlikumbuke jambo hilo, kwa sababu hata leo kazi zenu zinategemea maamuzi ya watu msiowajua, na hilo si kosa lenu.

Sasa niwaambie habari za watu wawili.

Wa kwanza ni marehemu baba yangu. Baba alikuwa karani wa mahudhurio. Aliweza kukokotoa ujira wa watu mia tatu kwa kalamu na karatasi jioni moja, na siku ya mshahara hakuna aliyelalamika kwamba amepunjwa senti. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba watu walimletea barua zao awaandikie. Wa pili ni jirani yetu, fundi wa korona, ambaye sote tulimwita Mzee Fundi ingawa wakati ule hakuwa mzee. Yeye alijua beringi, shafti, mikanda na pampu, na alikuwa na tabia ya kuweka kiganja juu ya mashine inayozunguka na kusema, kabla ya mtu mwingine kusikia chochote, kwamba beringi ya upande wa kushoto itakufa wiki hii.

Shamba lilipofungwa wote wawili walikosa kazi siku moja, na wote wawili hawakulipwa mafao waliyoahidiwa. Tangu hapo maisha yao yalichukua njia tofauti. Mzee Fundi alikaa nyumbani wiki mbili, kisha akafunga spana zake kwenye gunia na kwenda Muheza mjini kwa mwenye mashine ya kusaga mahindi. Alimwambia, "Mimi natengeneza vitu vinavyozunguka." Hakutaja shamba, wala hakuitaja korona. Kutoka kwenye mashine za kusaga alihamia kwenye pampu za maji, kutoka pampu akahamia viwanda vidogo vya mbao, na nyumba aliyoijenga kwa kazi hizo ipo mpaka leo.

Baba alisubiri. Kwa miaka mingi aliamka saa kumi na moja alfajiri, akaoga, akavaa shati lake jeupe, akakaa barazani. Honi ilikuwa haipo, lakini mwili wake uliendelea kuisikia. Mtu akimuuliza kazi yake alijibu, "Mimi ni karani wa shamba," akalitaja shamba kwa jina. Na shamba lilikuwa limekwisha. Wakati huo huo, mwendo wa nusu saa kutoka barazani pale, palikuwa na chama cha ushirika ambacho hesabu zake zilikuwa hazieleweki, palikuwa na wenye maduka waliokuwa wakiibiwa na wauzaji wao kwa kukosa mtu wa kuandika vitabu, na palikuwa na shule iliyotafuta mhasibu. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba mtu wanayemhitaji amekaa kwenye kiti cha kamba, amevaa shati jeupe, anasubiri. Baba naye hakujua kwamba anahitajika. Simlaumu. Alikuwa mwaminifu kwa mwajiri wake kama alivyofundishwa kuwa, na uaminifu ni jambo jema. Ninachosikitikia ni kwamba ujuzi wake aliuita kwa jina la shamba, basi shamba lilipokufa akaona ujuzi nao umekufa.

Jambo kuu nililokuja kuwaambia ndilo hilo, mengine yote ni maelezo yake. Mchunge sana jina mnalojiita. Mkijiita kwa jina la mwajiri, mtaishi muda ule ule atakaoishi mwajiri. Mkijiita kwa jina la mashine, mtastaafishwa siku mashine itakapostaafishwa. Jiiteni kwa jina la shida mnayoiondoa kwa watu.

Najua ni rahisi kusema. Mimi mwenyewe, binti wa karani yule, nilirudia kosa la baba yangu neno kwa neno. Nilisoma uhazili, nikaajiriwa mwaka 1989 katika ofisi moja hapa mjini, na nilijivunia kujiita mpiga taipu. Tulikuwa sita katika chumba kimoja. Siwezi kuwaeleza sauti ya taipureta sita zikienda kwa pamoja asubuhi, wala wino wa steniseli uliokuwa hautoki kwenye vidole, wala hofu ya kukosea herufi moja wakati chini kuna karatasi nne za kaboni, kwa sababu kosa moja lilikuwa makosa matano. Katika hatimkato, yale maandishi ya alama fupi ya kunakili maneno upesi, nilikuwa na kasi kuliko wenzangu wote. Mwaka 1996 ililetwa kompyuta moja, ikafunikwa kitambaa kama mgeni wa heshima. Mwaka uliofuata zililetwa nyingine mbili, na katika sita tuliokuwapo walibaki wawili. Mimi sikuwa miongoni mwao.

Nilikaa nyumbani miezi minne nikiwa na hasira na kompyuta, hasira ya kweli, kama ya mtu aliyeporwa mume. Aliyenitoa humo ni mama. Siku moja tukichambua mboga aliniuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza: "Huko ofisini, walikuwa wakija kukutafuta kwa ajili ya nini?" Nikafungua mdomo kusema kupiga taipu, lakini nilipofikiri vizuri nikaona sivyo. Kupiga taipu walikuwa wakiniletea kazi mezani tu, na yeyote angeweza kuifanya. Waliponitafuta kwa jina, wakati mwingine hata nikiwa nakula, ilikuwa kwa sababu jalada limepotea na mimi ndiye niliyejua liko wapi, au barua ina utata na mimi ndiye niliyekumbuka kwamba mwaka juzi tulishaandika kinyume chake. Walikuwa wakinitafuta kwa ajili ya kumbukumbu. Nikaenda kusoma masijala na utunzaji wa kumbukumbu jioni, nikajifunza kompyuta ile ile niliyoichukia, na kazi hiyo imenilisha tangu wakati huo, kutoka majalada ya karatasi hadi nyaraka za kidijiti. Nyenzo zimebadilika mara tatu, lakini shida ya watu ni ile ile, wanataka kupata karatasi sahihi kwa wakati wake.

Swali la mama nawarithisha ninyi. Kila baada ya miezi sita jiulizeni: watu wananitafuta kwa ajili ya nini?

Kuna ushauri unaotolewa sana siku hizi, kwamba kijana ajifunze kila kitu kwa sababu dunia inabadilika. Sikubaliani nao. Anayejifunza kila kitu huishia kujua mwanzo wa mambo mengi, na hakuna anayemlipa mtu kwa kujua mwanzo. Jifunzeni kazi moja mpaka chini kabisa, kama Mzee Fundi alivyoijua beringi kwa kiganja, kisha mtazame kazi iliyo jirani yake. Kila ujuzi una majirani. Mafundi wa antena walikuwa na kazi tele katika miji yetu hadi matangazo ya televisheni ya analojia yalipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na baadaye katika miji mingine, ikiwemo huu wetu. Ghafla kila nyumba ikahitaji king'amuzi. Wapo mafundi waliotupa ngazi zao, lakini wapo walioona kwamba yule anayeweza kupanda paa, kupitisha waya na kutafuta mawimbi yuko mlango wa pili tu kutoka kwenye kazi ya kufunga madishi. Na yule anayefunga madishi yuko mlango mmoja kutoka kwenye kamera za ulinzi, na wa kamera amekaribiana na fundi wa sola. Hakuna kati yao aliyeruka bahari, kila mmoja alivuka uchochoro.

Wako hapa wahitimu wa umeme na wa uchomeleaji ambao macho yao yako Chongoleani, mwisho wa bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima nchini Uganda, kilomita 1,443. Ni kazi kubwa, na ninafurahi imekuja kwetu. Lakini mwenye busara huuliza mapema kazi ipi inakwisha na ipi inabaki. Kuchimba mtaro na kulaza mabomba kuna mwisho, na bomba likishalazwa wanaohitajika huwa wachache kuliko waliolilaza. Tazameni na hili: mafuta yale yana nta nyingi, yakipoa huganda, kwa hiyo bomba lazima lipashwe joto kwa umeme njia nzima. Maana yake, ndani ya mradi wa mafuta kuna kazi ya fundi umeme inayoendelea muda wote mafuta yanapopita. Na mchomeleaji aliyepata cheti cha kuchomelea mabomba ya shinikizo kubwa anatoka hapo na ujuzi unaotakiwa kwenye gesi, maji na meli. Atakayeondoka na mshahara peke yake atakuwa ameacha nusu ya malipo yake pale.

Wengi mmeniuliza kabla ya shughuli hii kuhusu akili mnemba, hasa wahitimu wa uhazili na wa kompyuta. Nimeitumia kazini, kwa hiyo nasema nililoliona. Inaandika barua haraka kuliko mimi nilivyowahi kupiga taipu, na inaweza kuandika jambo la uongo kwa lugha nzuri bila kusita. Kwa hiyo anayejua kunakili tu yuko katika hali niliyokuwa nayo mwaka 1997. Anayeweza kusoma barua ile na kusema hapa kuna kosa, kwa kuwa analijua jambo lenyewe na anawajua watu wanaohusika, huyo anatafutwa. Msiichukie kwa miezi minne kama nilivyofanya mimi. Kaeni nayo mjue inachoweza na isichoweza.

Mambo ya vitendo nitayapitia upesi, kwa sababu walimu wenu wamewaeleza. Wekeni daftari la kazi: tarehe, kazi uliyofanya, tatizo ulilolikuta, namna ulivyolitatua, na picha ya simu ikiwezekana. Mzee Fundi hakuwa na daftari, na mara mbili alikosa kazi nzuri kwa kukosa cha kuonyesha zaidi ya mikono yake. Leo VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti watu waliojifunzia ufundi kazini, na mwenye daftari hafiki pale mikono mitupu. Wekeni akiba hata kama ni ndogo, kwenye kikundi au benki, mpaka ifikie chakula na kodi ya miezi mitatu, kwa sababu mtu mwenye njaa hana nafasi ya kujifunza kazi ya jirani, atashika yoyote inayopita. Na msiachane ninyi kwa ninyi. Katika darasa hili yupo atakayesikia habari ya kazi siku ambayo mwenzake hana kazi.

Wazazi wenzangu, nina ombi kwenu. Kijana huyu aliyesomea magari akija mwaka wa tatu kukwambia kwamba anataka kujifunza bajaji za umeme, au binti aliyesomea ushonaji akitaka kujifunza kutengeneza mashine za kushonea, usimwambie kwamba ametangatanga na ada yako imepotea. Tulilelewa tukiamini kwamba mtu mzima ana kazi moja hadi kaburini, na imani hiyo ilikuwa na heshima yake. Lakini mimi nilimwona mtu akikaa barazani na imani hiyo kwa miaka mingi, na sitaki kumwona mwingine.

Nilisema watabiri walikosea pande zote mbili. Wale waliotabiri kwamba mkonge hautaanguka walikosea, na waliouzika nao walikosea. Dunia ilianza kuichoka plastiki. Sisi wenyewe tulipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na nyuzi za asili zikaanza kutafutwa tena. Takribani asilimia nne tu ya jani la mkonge ndiyo nyuzi, na tulipokuwa watoto yote yaliyobaki yalitupwa yakaoza, ndiyo ile harufu yetu. Hale ukajengwa mtambo wa kuzalisha gesi na umeme kutokana na mabaki hayo hayo. Korogwe wakulima wadogo wanalima mkonge kupitia vyama vyao vya ushirika, jambo ambalo manamba wa zamani hakuliota.

Juzi Mzee Fundi alinipigia simu. Umri umekwenda na magoti hayamtii, lakini wamemwita kusimamia ufungaji wa korona upande wa Korogwe, kwa sababu waliobaki wanaoijua vizuri ni wachache. Visu, ngoma na beringi anavimudu, mikono haijasahau. Kinachomshinda ni paneli ya umeme, ya aina mpya, yenye vidude ambavyo siku zake havikuwapo. Anatafuta kijana wa kiume au wa kike anayejua mota za fezi tatu na asiyeona haya kushika grisi, akae naye miezi sita, yeye afundishwe paneli na kijana afundishwe korona. Malazi yapo, na posho wamekubaliana. Nimemwahidi kwamba nitampa jina kabla ya jioni hii. Anayetaka anione pale kwenye mwembe tukishamaliza kugawa vyeti, na aje na daftari lake, hata kama lina ukurasa mmoja.